UZI: Wenye chaneli za Amu (Lamu) na pwani yote, aidia mwazitoa wapi na moyo mwautoa wapi?

MwanaMkunguni (mwenye uzi)
Asalaam aleikum jamani. Naomba msaada kwa wale mnaofanya kazi za ubunifu mtandaoni, video, picha, grafiki, uandishi, chochote kile. Mimi napiga video fupi za Amu naziweka TikTok na YouTube, na saa hii nimekauka kabisa. Punda nshapiga. Machweo nshapiga mpaka nayaota. Jahazi limejaa upepo, mlango wa kuchongwa, paka juu ya baraza, mama akaanga mahamri, ngome, mchanga wa Shela, zote ziko kwenye ukurasa. Nkifungua simu nione wenzangu wafanya nini naona ni hizo hizo, punda wa yule ndiye punda wangu, tena yule ana kamera ya kunishinda.

La pili ni moyo. Waweka klipu umeihangaikia usiku kucha, stima yapotea katikati, warudia, asubuhi waamka wakuta watu mia mbili. Halafu mtu kaposti paka apiga chafya, kapata laki na ushee. Nataka kujua nyinyi mwafanyaje. Aidia mpya zatoka wapi, na ukichoka wafanya nini. Na msiniambie "kaza buti" tafadhali, buti nshakaza mpaka mguu umekufa ganzi.

Kusi_Kali
Uza hiyo simu ununue nyavu.

BintiLangoni
Kusi_Kali kila uzi wewe na nyavu zako, na baharini hujaonekana hata siku moja 😂

Mwenye uzi hujambo. Yako mawili hayo uliyouliza ni maswali mbali mbali, usiyafunge pamoja. Mtu aweza kuwa na aidia tele na hana hamu, na mwengine ana hamu hajui aanzie wapi. Nakuja na maelezo, sasa hivi kuna kazi ya mteja yanisubiri.

Mzee_Bando
Mbona mwajisumbua wakati kuna AI, uliza tu "nipe aidia 50 za video za Lamu" ndani ya dakika zimefika. Bando lako kidogo tu.

MwanaMkunguni
Kaka nshafanya. Ikanipa: machweo kwenye jahazi, maisha ya punda, milango ya Waswahili, biriani, siku moja na mvuvi. Nkaiambia niongezee, ikanipa machweo tena lakini mara hii "kwa mtazamo wa kihisia". Na jirani yangu akiuliza atapewa orodha ile ile.

Mzee_Bando
Hahaha basi nimenyamaza.

Keekee
MwanaMkunguni orodha yako nimeisoma mara mbili. Punda, machweo, mlango, paka. Hivo vyote ni vitu mgeni akishuka kwa boti kutoka uwanja wa ndege wa Manda avipiga siku ya kwanza, kabla hata ya kufika alipokodi. Wewe mwenyeji wapiga picha za mgeni, lazima zikuishie, mui (mji) wenyewe huu jioni moja mtu ashauzunguka. Mimi nilipofika hapo ulipo wewe niliacha kutafuta cha kupiga, nkaanza kutafuta cha kuuliza.

Nitakupa mfano mmoja niuseme wote. Nyumba za mawe za mtaa wa Mkomani umeingia bila shaka. Chumba kirefu, lakini chembamba, kile chembamba cha kukushangaza. Kila anoingia apiga zidaka, vile vishubaka vya ukutani, asema mashallah akatoka. Sasa jiulize, hawa walojenga walikuwa na pesa, wana majahazi, wana mashamba ng'ambo ya pili, mbona hawakujijengea ukumbi mpana? Jibu liko juu ya kichwa chako. Dari yashikwa na boriti, na boriti ni mkoko, na mkoko ulonyooka wenye nguvu ya kubeba sakafu ya mawe na chokaa hauji mrefu unavyotaka wewe. Kwa hivo chumba kikafuata boriti, upana mita mbili na nusu mpaka tatu hivi, hapo basi. Mti wa matopeni ndio ulomkatia tajiri kipimo cha nyumba yake.

Video hiyo niliipiga nimelala chali sakafuni simu imetazama darini, sauti yangu tu. Haikunigharimu hata nauli. Na haikuishia hapo maana watu wakaanza kuuliza kwenye komenti, boriti zenyewe zatoka wapi? Nkaenda kwa wakataji. Huko nkakuta kumbe kila unene una jina lake, fito, pau, mazio, boriti, nguzo, na mtu akiziona kwa mbali ajua hii yatosha paa la makuti na hii yafaa dari. Hiyo ikawa video nyengine. Akatokea mzee kwenye komenti akasema zamani tukizipakia majahazini kwenda Uarabuni, nkauliza mbona zikaisha, kumbe serikali ilipiga marufuku kuuza nje mwaka 1982. Nkamtafuta mzee. Kutoka kwa mzee nkaingia kwenye mikoko yenyewe, kaunti yetu hii ina zaidi ya nusu ya mikoko yote ya Kenya na sisi twapita nayo kwa boti kila siku twaangalia simu.

Sasa hesabu mwenyewe zimetoka video ngapi kwenye swali moja la chumba chembamba. Hata moja sikukaa chini nkajikuna kichwa "leo nipige nini". Kila moja ilizaliwa na iliyotangulia.

Machweo ni mazuri, sikatai, lakini machweo hayaulizi kitu na hayakupeleki kokote.

MalindiKwetu
Keekee umenigusa. Huku Malindi ugonjwa wetu ni ile nguzo ya Vasco da Gama. Kila chaneli ya Malindi yaanzia pale, mtu asimama, upepo wapiga maiki, "mwaka 1498...", kila mtu ashasikia. Na kumbe hapo hapo kuna hadithi watu hawazigusi. Mwaka 1415 Malindi ilipeleka twiga mpaka Uchina kwa mfalme wao, twiga mzima, kwa chombo cha baharini! Nani ashafanya video ya vile twiga awekwa chomboni, ala nini, asimama vipi wakati wa mawimbi? Mimi nilikaa na nahodha mmoja wa hapa nkamuuliza tu, wewe ukipewa twiga leo umpeleke Mombasa kwa jahazi wafanyaje? Jamaa alicheka, halafu akaanza kufikiria kwelikweli, akachora na kidole mchangani, hapa tamfunga, shingo taielekeza omo (mbele) au tezi (nyuma), foromali, ule mti wa tanga, itamgonga au haitamgonga. Hiyo ndiyo video yangu iliyopendwa kuliko zote na ndani yake hakuna twiga 😂

Kingine, Ngomeni. Pale baharini kuna jukwaa la San Marco la Wataliano. Tarehe 12 Desemba 1970 ilirushwa setilaiti kutoka pale, ya kwanza duniani kwa kazi ya kuchunguza miale ya eksirei kutoka kwenye nyota, na ikapewa jina Uhuru kwa sababu ilikuwa kumbukumbu ya siku Kenya ilipopata uhuru. Jina la Kiswahili limezunguka dunia huko juu na watoto wa Malindi wajua pizza tu za Wataliano. Nenda Ngomeni uulize wazee walikuwa wapi siku hiyo. Usiulize historia, uliza "ulikuwa wapi".

Kusi_Kali
Haya hongereni kwa twiga. Pesa iko wapi lakini? Maana naona mwamjaza kijana upepo. YouTube mpaka ufikishe wafuasi 1,000 na masaa 4,000 ya kutazamwa ndani ya miezi 12 ndio waanze kukugawia za matangazo, au badala ya hayo masaa, video fupi zitazamwe mara milioni 10 ndani ya siku 90. Ukifika hapo hulipwi mpaka ikusanyike dola 100. Halafu kuanzia Julai 2023 kuna asilimia 5 ya kodi yakatwa juu. Hiyo 5 nayo tushukuru, mswada ulianza na 15.

BintiLangoni
Leo umesema ya maana Kusi, hata mimi nashangaa.

Lakini nani kakwambia pesa ya mtu wa Amu yatoka kwenye matangazo? Wengi tunaokula kwa kazi hii twalipwa na mteja. Mwenye nyumba ya wageni ataka picha na video, bibi arusi ataka kadi, duka lataka bango, jamaa wa boti ataka ukurasa wake upendeze. Chaneli ni kama kibao tu mlangoni, yaonyesha fundi yuko ndani. Na hapo ndio aidia zina thamani, maana mwenye nyumba ya wageni akiona kazi kumi zenye machweo hana sababu ya kukuchagua wewe, aona moja alolala chali akaeleza dari, ataka na dari yake ielezwe.

Sasa nirudi kwenye nilichoahidi. Mimi nafanya grafiki, logo, mabango, kadi, wateja wengine hata siwajui sura. Kukauka kwangu ni kwa rangi na mpangilio, najikuta kila kazi yafanana na ya jana. Dawa yangu ni leso. Msicheke. Chukua leso moja uitandike kitandani uiangalie kama mtu wa kazi. Ina pindo pande zote, ina mji katikati, ina jina lake chini ya mji, hapo tu. Huwa ni rangi chache sana, pengine mbili tatu, na yasomeka ukiwa upande wa pili wa barabara. Walochora leso walishamaliza mambo ambayo mimi nahangaika nayo kwenye laptopu, kipi kikubwa, kipi kidogo, maneno yakae wapi, nafasi iwachwe kiasi gani. Nkikwama nafungua kabati la mama nachukua moja, najipa sharti, bango hili litakuwa na rangi za leso hii tu na si nyengine. Saa hiyo hiyo kazi yaanza kutembea. Ukijiwekea ukuta kichwa chapata pa kuegemea, ukiachiwa rangi zote za dunia wabaki kuzishangaa.

Kofia za viua pia. Ukitaka kujua subira ni nini kaa karibu na anayeshona kofia ya viua, miezi yapita kwa kofia moja. Yale matundu madogo yazungushiwa uzi moja moja mpaka yawe duara safi, na nakshi aijaza kwa hesabu, akikosea tundu moja upande mzima hauingiani. Mimi nachora zile nakshi kwenye daftari la karatasi, si simu. Kwenye simu nahifadhi halafu siangalii tena maisha, kwenye daftari mkono wakumbuka.

Ya moyo nitaandika usiku, watoto wameamka.

ShelaMpya
Swali kwa Keekee, hizi za kuuliza uliza hazichoshi watazamaji? Watu TikTok wataka sekunde chache, siyo darasa.

Keekee
Inategemea wafungua vipi. Usianze "leo tutajifunza kuhusu boriti". Anza "mbona nyumba ya tajiri ina chumba chembamba hivi?" mtu ashindwe kuskroli mpaka ajue. Swali ndio ndoano. Ukiwa na swali la kweli, ambalo hata wewe hukujua jibu, sauti yako yenyewe yabadilika na watu wasikia.

Na kuna jambo jengine, kaa. Vijana hawakai. Wafika Matondoni kwa mafundi wa vyombo, wapiga tezo ikiruka vibanzi, wapiga mzee akitabasamu, waondoka. Fundi akiona simu ajipanga, apiga tezo ya kuonyesha. Wewe weka simu mfukoni, omba chai, kaa mpaka wakusahau. Siku moja nimekaa hivo walikuwa wakikalafati, nilishawahi kuona mara nyingi lakini sikuwahi kusikiliza. Pamba yasokotwa yatiwa mafuta, yaingizwa kwenye mwanya baina ya mbao na mbao, yapigwa kwa chuma na nyundo, ko ko ko ko, na pale inaposhiba sauti yageuka, yawa nzito. Fundi alikuwa akizungumza na mwenzake habari za harusi hata haangalii mkono wake, sikio ndilo lafanya kazi. Mwanya ukiwa haujashiba sauti yamwambia. Video ilikuwa ni mkono na sauti tu, hakuna muziki wala maneno yangu. Kama ningepiga ile dakika ya kwanza ningepata picha ile ile ya kila mtu.

Kuhusu upya, hebu mkumbuke lile jahazi la Flipflopi lilizinduliwa hapa 2018. Walolijenga ni mafundi wa hapa hapa, ufundi ni wa mababu, mkuku, mataruma, mbao, kila kitu kwa mpango wake. Kilichokuwa kipya ni kwamba "mbao" ni plastiki ya taka iliyookotwa, na ubavuni likavishwa ndala kama 30,000. Dunia nzima ikageuka kutazama, likaenda mpaka Unguja mwaka uliofuata. Wangeunda jahazi la mbao la kawaida, zuri namna gani, nani angeandika? Na wangechukua plastiki bila ufundi wangepata kifusi kinachoelea. Ukiona aidia zimekuishia chukua kitu unachokijua vizuri ubadilishe jambo moja. Moja tu, usibadilishe yote.

Mwalimu_Faza
Vijana hamjambo. Mimi si mtu wa video, nasoma tu, lakini naona mwaishi kana kwamba mwaka wa Amu hauna mpangilio. Mwaka wetu wenyewe una ratiba tayari, nanyi mwahangaika kila asubuhi mpige nini.

Kaskazi ikivuma, Disemba mpaka Machi, bahari imetulia, vyombo vyatoka, wageni wamejaa. Kusi ikiingia bahari yachafuka, wavuvi wengi wakaa bara washona nyavu na kutengeneza vyombo. Sasa mwenye chaneli mwenye akili ajua Juni na Julai ndio wakati wa kupata mafundi na manahodha wamekaa, wana nafasi, wana hadithi. Nyinyi mwakwenda kuwatafuta Januari wako kazini hawana muda na nyinyi, halafu mwasema wazee wana kiburi.

Maulidi yaja Mfunguo Sita, msikiti wa Riyadha wafurika, kuna mbio za punda, mashindano ya mashua, kirumbizi (ngoma ya fimbo). Kila mtu apiga mbio zenyewe. Nani alishampiga punda wiki mbili kabla, alishwa nini, nani amfundisha kona za usita (njia) wa mui? Na kuna hesabu ya Nairuzi, mwaka wa wanamaji, siku 365 zahesabiwa kwa miongo, kumi kumi. Mabaharia wakongwe wakwambia tuko mwongo wa ngapi na upepo watarajiwa vipi. Hiyo peke yake ni mfululizo wa video za mwaka mzima, kila mwongo moja, na siku huwezi kusema huna la kufanya maana kalenda yakusukuma.

Hata maji. Bamvua (maji makubwa) na maji mafu (maji madogo). Pwani ya bamvua maji yakitoka yakafunua miamba na vyombo vikakaa juu ya matope vimelala ubavu, mui wabadilika sura. Angalia mwezi kabla ya kuangalia simu.

MwanaMkunguni
Mwalimu shikamoo. Hii ya kusi imeniingia sana. Nilikuwa naichukia miezi ile kwa vile hakuna wageni, hakuna mwanga mzuri, mvua.

Mwalimu_Faza
Marahaba mwanangu. Mvua nayo ikinyesha kwenye vichochoro vya Amu maji yapita wapi? Nyumba zimebanana hivi, na mui haujaenda na maji miaka yote hii. Nenda kaulize.

MwanaMkunguni
Lahaula, swali jengine hilo. Naandika.

UmmuZidaka
Samahani niwakatize. Mwasema kaeni, ulizeni, ingieni, vizuri. Lakini kuna mambo mwayapita haraka. Mui huu una watu wanaoishi ndani yake, si sinema. Nimejiona kwenye video ya mtu nikitoka sokoni na mtoto, sikuulizwa. Mwengine kapiga arusi ya wanawake kutoka dirishani. Nyumba zetu zina daka nje, hapo ndipo pa mgeni, na zina ndani, hapo ni pa wenyewe. Kamera yako nayo ijue daka liko wapi. Omba ruhusa kabla, si baada, na mtu akisema la usimbembeleze wala usimpige akigeuka.

Pia droni. Zaruka juu ya viwanda (nyua za ndani) vya nyumba za watu wanawake wako wazi wafua nguo. Na hata sheria yenyewe yataka kibali cha mamlaka ya usafiri wa anga kabla ya kurusha, si kununua na kurusha tu.

Keekee
Ummu umesema kweli tupu. Na niongeze kwa faida ya kazi yenyewe, mtu alokupa ruhusa akueleza mambo, mtu ulomwibia picha akupa mgongo. Mzee wa boriti nilimpelekea video nzima akaiona kabla sijaiweka, akanirekebisha jina moja, na baada ya hapo akawa ndiye anayenipigia simu, "njoo kuna kitu hapa". Nusu ya aidia zangu sasa huletwa na watu nilowahi kuwapiga.

BintiLangoni
Nimerudi. Watoto wamelala, alhamdulillah, tuzungumze habari ya moyo.

La kwanza, nambari. Mimi sifungui takwimu kabla ya adhuhuri, ni sheria nyumbani kwangu. Kazi yangu ya kubuni naifanya baada ya alfajiri nyumba imetulia, na nkianza na nambari kichwa chaingia kwenye soko kabla hakijafika kazini. Nambari zikiwa mbaya siku imeharibika, zikiwa nzuri nakaa kuzitazama tazama, vyote viwili hakuna kazi. Na ile video yako ya watu mia mbili, hebu wafikirie wamekaa hapo uwanjani Mkunguni mbele yako watu mia mbili wanakusikiliza. Ungetetemeka.

La pili, nkimaliza kazi ya leo siimalizi kabisa. Naacha kipande kidogo ambacho najua kabisa chaenda vipi, maandishi tu ya chini, au rangi ya pindo. Kesho nkikaa sianzi na ukurasa mweupe, naanza na kitu rahisi mkono wapata moto, na mkono ukipata moto kichwa chafuata chenyewe. Ukurasa mweupe asubuhi ni adui mkubwa jamani kuliko hata mteja asiyelipa. (Huyo naye nina maneno yake lakini uzi mwengine.)

La tatu, tofautisha siku. Kuna siku za kukusanya na kuna siku za kutengeneza. Siku ya kukusanya sitengenezi kitu, natembea, napiga ukuta uliobambuka chokaa, nasikiliza watu barazani, naandika neno nililolisikia. Siku ya kutengeneza sitoki. Wewe naona wapiga, wahariri na kuposti siku hiyo hiyo kila siku, hata mwenye jiko la biashara hupika kilichonunuliwa jana. Ukiwa na akiba ya klipu, stima ikikata au mtoto akiugua au moyo tu ukiwa umekufa, chaneli haikauki na wewe hujilaumu.

Na kuchoka kuna kuchoka kwa kupumzika kukaisha, na kuna kuchoka kwa kuwa kazi yenyewe huipendi tena. Ya kwanza lala. Ya pili hata ulale wiki utaamka nayo, hiyo badilisha unachofanya. Mimi niliacha kabisa kazi za mabango ya siasa, zililipa vizuri na kila nkimaliza moja nilikuwa siwezi kushika kitu chengine siku mbili.

ShelaMpya
Dada hiyo ya kuacha kipande nimeijaribu sasa hivi na skripti yangu, nimeacha mstari wa mwisho. Naogopa nitausahau 😅

BintiLangoni
Uandike pembeni mwa daftari kwa maneno matatu. Si lazima uuache kichwani.

Kusi_Kali
Mimi niulize kwa uzuri kabisa, na huyo asiye na mtu wa kumuuliza? Keekee ni mtoto wa mafundi, milango yafunguka. Kijana wa kawaida akienda Matondoni na simu atafukuzwa.

Keekee
Swali zuri. Hatafukuzwa, ataachwa tu amesimama, ambayo ni mbaya zaidi. Nenda na mtu wao, nenda na sukari na majani, salimia mkubwa kwanza, na siku ya kwanza usipige kitu. Wenye haraka watakwambia umepoteza siku. Lakini anza karibu kuliko Matondoni. Bibi yako nyumbani ajua nini ambacho hujawahi kumuuliza? Mimi bibi yangu mzaa mama nilijua apika tu, kumbe ajua nyimbo za arusi ambazo mama yangu hazijui. Alikataa kupigwa sura, akakubali sauti. Nikapiga mikono yake ikichambua mchele na sauti juu yake. Mpaka leo watu waniandikia kwa ile.

MalindiKwetu
Na maiki jamani, mnunue maiki ya kubana nguoni, hata ile ya bei ndogo. Pwani hii upepo wala sauti yote, mzee azungumza dhahabu wewe wasikia fuuuuu. Ukikosa ile manyoya ya kuzuia upepo, funga kitambaa cha sufi au mgeuze mzee aupe upepo mgongo. Watu huvumilia picha mbaya, sauti mbaya waondoka.

MwanaMkunguni
Jamani nawashukuru. Nawapa nilikofikia. Nimefuta orodha ya zamani. Nimeandika maswali tu kwenye daftari (BintiLangoni nimenunua la karatasi). Maji ya mvua ya vichochoro yapita wapi. Punda mgonjwa apelekwa wapi na nani alimfundisha yule wa kumtibu. Mbona mabaraza mengine ni marefu na mengine mafupi. Nani ashona tanga sasa, na kitambaa chatoka wapi. Kwa nini chokaa cha zamani hakibambuki na cha juzi chabambuka.

Jana nimeanza na la chokaa kwa fundi mmoja jirani yetu. Sikupiga, nilikaa tu kama mlivosema. Akanambia chokaa hakikupewa muda wa kulala, watu wana haraka, wachoma leo wapaka kesho. Halafu akanambia nirudi wiki ijayo kuna tanuri yachomwa, nije na simu. Yeye mwenyewe ndiye kanambia nije na simu.

Keekee
Mashallah. Tanuri fika usiku linapowashwa, usingoje asubuhi. Na kaa upande upepo utokako la sivyo moshi utakumaliza wewe na lenzi.

Mwalimu_Faza
Muulize pia yale mawe yatoka wapi sasa na zamani yalitoka wapi.

ShelaMpya
Mwenye uzi nami naja hilo tanuri kama hamjali. N'na maiki mbili.

MwanaMkunguni
Karibu, lakini siku hiyo maiki moja iwe yangu, na fundi nimuulize kwanza kama watu wawili ni sawa.

Kusi_Kali
Niulizieni na mimi. Tutakuwa watatu. Simu sina ya maana, nitabeba chai.